Pikipiki ya Marehemu Emery

Kila asubuhi Marcellin aliitoa pikipiki uani kwao, mtaa wa Troyeville, Johannesburg. Aliiwasha, akaenda Doornfontein kuchukua dawa dukani na kuwapelekea wagonjwa majumbani. Kazi ilichosha, lakini ililisha nyumba.

Pikipiki ile ilikuwa ya Emery, mwimbaji mwenzake wa kwaya ya kanisani. Siku moja ilimzimikia Emery katikati ya makutano, kwenye robot, yaani taa za barabarani. Lori lililokuja nyuma halikuweza kusimama kwa wakati. Pikipiki ilichubuka tu, lakini Emery hakufika hospitali akiwa hai. Mjane wake, Murielle, alimuuzia Marcellin pikipiki hiyo ili apate kulea watoto.

Sasa ilikuwa inamzimikia Marcellin pia.

Asubuhi haikuwa na tatizo. Ilizimika mchana, injini ikishapata moto, hasa alipofunga breki au kupanda mlima. Akingoja dakika kumi, inawaka kana kwamba haikufanya kosa lolote. Alibadilisha plagi, ikazimika. Alisafisha chujio la hewa, ikazimika.

Alhamisi moja ilizimika katikati ya barabara. Teksi iliyokuwa nyuma ilifunga breki mpaka matairi yakalia. Dereva alimtukana kwa Kizulu. Marcellin alishuka, akaikokota pikipiki hadi kando ya barabara.

Jioni alimsimulia mke wake, Clémentine.

"Rudisha hiyo piki, Baba Sagesse," mke wake alisema. "Marehemu bado anaitaka. Kanisani wote wanasema. Murielle alikuuzia kifo."

"Usiseme vile."

"Nisiseme? Nikuzike kwanza ndiyo niseme?"

Marcellin naye alikuwa ameanza kuamini. Kanisani akina mama walimkwepa Murielle, na benchi lake lilibaki wazi pande zote mbili. Clémentine naye alikuwa amehama benchi hilo. Ndivyo tulivyo wakati mwingine: mtu amefiwa, nasi tunamwongezea lawama.

Lakini Marcellin aliwaza. Akiirudisha, mtu mwingine ataipanda. Huyo naye akifa, je? Akapiga moyo konde, akaenda kwa Mwatumu.

Mwatumu alikuwa fundi wa pikipiki Doornfontein. Baba yake alikuwa mwanaharakati wa Afrika Kusini aliyeishi uhamishoni Tanzania, na mama yake alikuwa mtu wa Morogoro. Hakuwa na maneno mengi.

"Inazimika lini?" aliuliza.

"Dada, inazimikaka tu. Watu wanasema ni marehemu..."

"Kaka, sijauliza watu wanasemaje. Inazimika ikiwa baridi au ikiwa ya moto?"

"Ya moto. Nikifunga breki, ama nikipanda mlima."

"Umeshajaribu nini?"

"Nilibadilisha plagi. Nikatafuta kabureta niisafishe, kama tulivyofanya kule kwetu Bukavu. Sikuiona."

"Hutaiona. Hii haina kabureta. Pampu iko ndani ya tangi, inasukuma petroli kwa nguvu. Kompyuta ndogo inapima kiasi, na nozeli inanyunyiza petroli kwenye injini. Ukibadilisha vitu kwa kubahatisha, utamaliza fedha bure. Tupime kwanza."

Alifungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini iliwaka, kisha ikazimika.

"Taa inasema ni nzima?" Marcellin aliuliza.

"Inasema kompyuta haijaona kosa. Lakini kompyuta hii haipimi presha ya petroli. Sasa nyamaza, usikilize."

Alifungua swichi tena. Ndani ya tangi ulisikika mlio mwembamba wa sekunde mbili tatu.

"Hiyo ni pampu. Siku usipousikia mlio huu, anzia hapo."

Alipima betri, ikawa nzima. Alikaza nyaya zake. Alikagua swichi ya stendi ya pembeni, maana ikilegea huzima injini. Nayo ilikuwa nzima. Kisha alifunga geji ya presha kwenye mpira wa petroli, akawasha injini, wakangoja ipate moto.

Mwanzoni mshale wa geji ulitulia. Baadaye ukaanza kushuka. Ukashuka tena. Injini ikakohoa, ikazimika.

Marcellin aliinama karibu na geji. Alikuwa ameona kwa macho yake. Haukuwa mkono wa marehemu.

Mwatumu alifungua tangi. "Mbona kavu hivi?"

"Tunaweka esanse, hii petroli, ya siku moja tu. Ukiweka nyingi, usiku wezi wanainyonya. Emery ndiye alitufundisha. Wote wa kanisa wenye piki tunafanya vile. Tuko kumi na mmoja."

Mwatumu aliweka spana chini.

"Wote? Eish! Kaka, petroli ndiyo inayoipoza pampu. Ikiwa kidogo, pampu inachemka na kuchoka. Ukifunga breki au ukipanda mlima, petroli inahama, pampu inavuta hewa. Na uchafu wa chini unaziba chujio. Tazama."

Chujio la pampu lilikuwa jeusi tititi.

"Kwa hiyo Emery..."

"Sikuwepo, siwezi kuapa. Lakini pampu hii haikuanza kuumwa jana."

Alibadilisha pampu na chujio, akasafisha tangi.

"Petroli isishuke chini ya nusu," alisema. "Kama mnaogopa wezi, lazeni pikipiki zote pamoja, mahali penye mlinzi. Na ikizimika barabarani, shika klachi, isukume pembeni kwanza."

Marcellin alitaka kuhakikisha kwanza, zikapita wiki tatu. Haikuzimika hata mara moja. Ndipo Marcellin akaenda Joubert Park, kwenye saluni ambako Murielle alisuka watu nywele. Alingoja mteja aondoke, akamweleza yote.

"Basi si mimi," Murielle alisema.

"Si wewe, mama. Wala si yeye."

"Fundi alichukua muda gani kuona?"

"Saa moja. Labda haikufika."

Murielle alijifunika uso kwa mikono miwili, akalia sana. Marcellin alivuta kiti, akakaa naye.

Baadaye Murielle alijifuta machozi. "Waambie wenzako," alisema. "Jumapili hii. Usingoje."

Jumapili, baada ya ibada, Marcellin alisimama akawaambia watu wote. Clémentine aliinama kwa aibu. Kisha aliinuka, akaenda kukaa kwenye benchi la Murielle, akamwomba msamaha.

Sasa pikipiki zote zinalala uani mwa kanisa, chini ya ulinzi wa mzee Lambert, matangi yakiwa yamejaa. Mwatumu alizipima zile kumi nyingine. Tatu zilikuwa na pampu inayokufa. Wanaume watatu wenye pikipiki hizo walikwenda kwa Murielle, kila mmoja na mke wake, kumshukuru na kumwambia kwamba wako hai.