Betri Jikoni

Mke wa dereva wa mikate alikuwa fundi cherehani. Alishonea nyumbani, kwenye chumba cha mbele. Mumewe aliondoka kila alfajiri na gari lao dogo la mizigo. Alichukua mikate kwenye tanuri, akaisambaza madukani, na kufikia saa nne alikuwa amerudi. Mama mkwe aliishi nao. Yeye alichambua mboga, alikata nyuzi zilizobaki kwenye nguo zilizokwisha kushonwa, na alisema kila alichofikiri.

Waliishi vizuri mpaka betri ya gari ilipoanza kufa.

Ilikufa Jumatatu. Baada ya siku nne ikafa tena. Kila ilipokufa, mume aliifungua, akaiweka kwenye toroli, akaisukuma hadi kona ya pili. Hapo palikuwa na karakana ya fundi wa betri. Fundi huyo alikuwa mwanamke. Mtaa mzima ulimwita Mama Volti.

Mke hakuwa na neno na betri. Neno lake lilikuwa na Mama Volti. Mume akienda huko alikaa. Akirudi alirudi na habari. Mama Volti kasema tairi la nyuma limeisha. Mama Volti kasema ile sauti ni ya mkanda. Mama Volti kasema hivi, Mama Volti kasema vile. Mke alisikiliza huku akikanyaga cherehani, na sindano ikakimbia kuliko kawaida. Siku moja alishona mkono wa gauni la mteja nyuma mbele.

Siku nyingine alipita karakana akienda kununua nyuzi. Alimwona mumewe ameketi juu ya tairi kuukuu. Alikuwa anacheka mpaka anafuta machozi, na Mama Volti anacheka naye. Mke hakuingia. Aligeuza njia, na nyuzi hakununua.

Jioni alimuuliza mumewe walikuwa wanacheka nini.

"Mambo ya betri tu," mume alijibu, akainamia sahani yake.

Jibu hilo lilimkaa mke kooni kama mwiba wa samaki. Betri inachekesha nini?

Mama mkwe hakusaidia. "Mwanangu, hiyo betri ni mke mwenza," alisema. "Tena huyo hapiki wala hafui, na bado anabebwa kwa toroli."

Mke alicheka kwa mdomo tu. Usingizi ulimjia kwa shida. Alikuwa amejiuliza swali moja na akapata jibu. Kama betri itachajiwa hapa nyumbani, mume atakwenda kwa Mama Volti kufuata nini?

Jumapili mchana betri ilikufa tena. Mvua ilikuwa inanyesha. Mume aliitoa betri kwenye gari, akaiacha barazani, akaenda tanurini kwa miguu kuomba gari la kutumia kesho yake. Mke alimpigia simu kaka yake, dereva wa teksi, aliyekuwa na chaja. Kaka aliileta mara moja. Hakushuka hata garini kwa sababu ya mvua. Alimpa maelezo dirishani: waya mwekundu kwenye alama ya kujumlisha, mweusi kwenye alama ya kutoa, halafu washa. Alisema hata mtoto anaweza.

Basi mke akaiburuta betri hadi jikoni, kwa kuwa soketi ilikuwa huko. Akafunga dirisha ili mvua isiingie. Betri ilikuwa kuukuu, na ubavu wake mmoja ulikuwa umevimba kidogo, lakini hilo hakulijali. Aliichomeka chaja ukutani, akaiwasha, kisha akabana vibanio vya nyaya kwenye ncha za betri. Cheche ndogo iliruka. Alishtuka, halafu akajicheka. Taa ya chaja iliwaka. Mke alisimama mbele yake, mikono kiunoni, kama mtu aliyeshinda kesi.

Saa mbili zikapita. Betri ikawa ya moto. Ndani yake mlisikika sauti kama ya soda iliyofunguliwa. Mama mkwe aliingia, akakunja pua, akauliza nani amevunja yai bovu. Alitaka kupika chai. Alishika kiberiti.

"Ngoja kwanza mama, niondoe kitu hiki," mke alimwambia. "Kimeshajaa."

Mama mkwe akarudi mlangoni, kiberiti mkononi. Mke akainama, akavuta kibanio chekundu. Chaja ilikuwa bado inawaka.

Cheche iliruka tena. Safari hii betri ilipasuka kwa kishindo. Kifuniko chake kiligonga dari. Maji makali ya ndani yake yalimrukia mke kifuani, mkononi na kwenye jicho la kushoto.

Jicho liliungua kama limemwagiwa pilipili. Alilifikicha kwa kitambaa, na ndipo maumivu yakazidi. Mama mkwe hakuwa amekimbia kwa miaka mingi. Siku hiyo alikimbia kwenye mvua bila viatu. Hakufikiri aende kwa nani. Mtaani hapo aliyejua betri alikuwa mmoja.

Mama Volti aliposikia alitoka mbio, akampita njiani wakirudi, akafika kwanza. Hakukimbilia jikoni. Alizima swichi kuu ya umeme pale mlangoni. Kisha akamshika mke mkono, akamtoa hadi bombani uani, akamwinamisha, jicho lililoungua likiwa upande wa chini.

"Usilifikiche. Lifungue," alimwambia. "Maji tu, mwanangu. Maji mengi."

Alimvua blauzi iliyorukiwa na asidi, akamfunika kwa aproni yake. Kisha akaendelea kulishika jicho wazi kwa vidole viwili, maji yakipita taratibu. Mama mkwe alipofika akihema, Mama Volti alimwambia afungue milango na madirisha yote, asiguse betri, na asiwashe chochote. Halafu aangalie saa, kwa sababu zinahitajika dakika ishirini kamili.

Dakika ishirini ni nyingi kichwa chako kikiwa mikononi mwa mtu unayemchukia. Kwa jicho lililobaki mke alimtazama kwa karibu. Alikuwa mtu mzima kuliko alivyodhani. Vidole vyake vilikuwa vyeusi kwa kazi. Chini ya kidevu alikuwa na kovu la kuungua.

Mke alishindwa kuvumilia. "Unacheka nini na mume wangu?" aliuliza, maji yakimwingia mdomoni.

Mama Volti hakuliachia jicho. "Hilo akwambie mwenyewe. Alinisihi nisiseme," alijibu. "Ila ni jambo la taa, mwanangu. Si la mapenzi."

Walikwenda hospitali kwa teksi ya kaka. Daktari aliliosha jicho tena, akaweka dawa, akalifunika. Alisema lingeweza kupofuka, na kwamba maji ndiyo yaliyoliokoa.

Mume aliwakuta kwenye benchi la hospitali. Aliona bandeji kwenye jicho la mkewe, akakaa kando yake. Mke alimuuliza habari ya taa. Mume aliona aibu, lakini alisema. Alfajiri huwa anawasha taa za gari. Akirudi nyumbani jua limeshawaka, na yeye husahau kuzizima. Taa hunyonya betri mpaka inakufa. Alikuwa amefanya hivyo mara nne, na akaogopa kusemwa nyumbani.

"Na kicheko?"

"Mama Volti alisema hata kuku akiingia bandani hufumba macho, lakini mimi gari langu naliacha linakodoa."

Mke hakucheka. "Mimi pia ningekucheka," alisema. "Kwa nini kicheko ulikipeleka kule?"

Mume alimshika mkono ule usioungua.

Baada ya wiki moja bandeji ilitolewa. Mke alikwenda karakana kurudisha aproni, ameifua na kuipiga pasi. Alishukuru. Kisha akasimama tu, hajui aondoke au abaki. Wivu ulikuwa bado upo, lakini sasa aliuona vizuri. Haukuwa wa mume peke yake. Yule mwanamke alijua kitu, na mtu mwenye kujua husikilizwa. Mke naye alitaka kujua.

"Nifundishe," alisema.

Mama Volti alimpa miwani ya kazi na glavu. Alimwambia avue bangili na pete, kwa sababu chuma kikigusa ncha mbili za betri huwa chekundu kama kaa, na kidole hakitoki salama. Alimweleza kwamba betri inayochajiwa hutoa hewa isiyoonekana. Hewa hiyo inawaka. Ikijaa chumbani, cheche moja inatosha, au sigara, au kiberiti cha mama mkwe.

"Kwa hiyo tunachajia nje?" mke aliuliza.

"Penye upepo na pakavu. Mvua ikinyesha, chini ya paa lililo wazi pande zote. Jikoni, kamwe."

Alimwonyesha betri iliyovimba na nyingine yenye ufa, akasema hizo hazichajiwi hata kwa kubembelezwa. Alimwonyesha maandishi ya volti kumi na mbili kwenye betri na kwenye chaja, akasema lazima yalingane. Chaja haiwekwi juu ya betri, huwekwa mbali kadiri waya unavyofika. Betri ikiwa ya moto sana au ikinuka yai bovu, zima umeme ukutani, usiguse vibanio, acha hewa ipite.

Kisha akarudia jambo moja mara tatu, akigonga meza kila mara. Umeme ndio wa mwisho kuwashwa na wa kwanza kuzimwa. Bana chekundu, bana cheusi, ndipo uchomeke ukutani. Ukimaliza, toa ukutani kwanza, halafu cheusi, halafu chekundu.

"Na asidi ikikurukia, usinisubiri mimi," aliongeza, akigusa kovu lake. "Maji palepale, halafu hospitali. Mimi nilisubiri."

Betri mpya ilipokuja, mke na mume waliichaji wenyewe kwa mara ya kwanza chini ya paa la uani. Ndoo ya maji safi ilikuwa karibu. Mama mkwe alikuwa amefukuzwa mbali na kiberiti chake, na alilalamika kutoka chumba cha mbele kwamba nyumba hii sasa ni ya sheria. Taa ya chaja ilipogeuka kijani, mume alinyoosha mkono kwenye kibanio chekundu. Mke akamshika kiganja.

"Umeme kwanza."

Mume akarudisha mkono. Mke akachomoa chaja ukutani, akatoa cheusi, akatoa chekundu. Hapakuwa na cheche. Walipoirudisha betri garini, injini iliwaka kwa kuzungusha ufunguo mara moja. Tangu hapo mikate haikuchelewa. Kila siku saa nne mke alitoka nje na kutazama taa kabla mumewe hajavua viatu. Kaka naye alifundishwa upya, na chaja yake ikapata maelezo marefu kuliko yale ya dirishani.

Mwezi ulipokwisha, mume alisema kwa sauti ndogo kwamba ncha za betri zimeota unga mweupe, na labda ni vizuri Mama Volti azitazame.

Mke alikata uzi kwa meno, akamtazama kwa macho yote mawili.

"Nenda. Mpe salamu zangu," alisema. "Na usikae."