Dirisha Bubu

Jirani yetu, mkaguzi wa majengo wa manispaa, alikuwa na ugonjwa usio na dawa: kutembea shingo juu. Jumapili moja alasiri alimchukua mkewe wakazunguke mitaa ya zamani, akimwonyesha matao, nguzo na nakshi za saruji chini ya mapaa. Mkewe, msemaji ambaye hata ukuta ungemjibu, alimtania kwamba ipo siku atatumbukia kwenye shimo ambalo ofisi yake mwenyewe imelisahau.

"Nikitumbukia nitaandika barua ya malalamiko," alisema mkaguzi, "nijijibu baada ya miaka miwili."

Wakasimama mbele ya nyumba kuukuu ya ghorofa, tupu, ambayo manispaa ilikuwa ikiijadili tangu mkaguzi ana nywele. Akamwonyesha kwa kidole dirisha la juu kabisa, mkono wa kushoto. Lile, alieleza, ni dirisha bubu: fremu na kioo tu, vimebandikwa ukutani ili upande huo ulingane na wa pili. Nyuma yake hakuna chumba. Ni mawe matupu.

Mkewe akakaza macho. Kisha akanong'ona, "Mume wangu, mbona kuna mwanamke anatutazama?"

Kweli alikuwepo. Nyuma ya kioo, wima, mikono kaiteremsha.

Mkaguzi alijiambia ni kivuli cha wingu. Akaleta mzaha wa kazini: akainua mkono, akageuza kiganja chini, akaushusha taratibu. Kwa mafundi walio juu ya jukwaa la ujenzi, ishara hiyo ina maana moja tu. Shuka.

Kioo kikabaki kitupu.

Akacheka kidogo, akainama kufuta miwani. Alipoivaa, mkewe alikuwa amempa mgongo, mabega yamejaa vumbi la chokaa. Walirudi nyumbani bila neno. Mlangoni mwanamke akamuuliza, kwa sauti ya chini, chumba cha kulala kiko upande gani.

Asubuhi mkaguzi alirudi mtaani mbio. Akatazama juu.

Dirishani alikuwa mkewe. Anasema, anasema, midomo haipumziki. Sauti haitoki.

Ofisini akaomba kibali cha kuvunja ukuta. Mkuu wake akataka sababu. Akasema mkewe yumo ndani ya ukuta. Mkuu akauliza, kwa upole wa mtu anayesogeza kiti chake nyuma, basi kwa sasa shemeji yuko wapi. Akajibu: yuko nyumbani, anafua. Mkuu akampa likizo, akamkumbusha kwamba jengo la kumbukumbu haliguswi bila kikao, na kikao hakijawahi kutimiza akidi.

Akaenda mwenyewe na nyundo. Akapanda ngazi hadi juu, akauanza ukuta kwa ndani. Akapiga. Jiwe. Akapiga. Jiwe.

"Vumilia, mama," alinong'ona.

Akapenya hadi kwenye kioo. Hapakuwa na mtu. Hapakuwa na nafasi hata ya panya.

Ila kwenye plasta iliyozunguka fremu, plasta iliyopakwa kabla babu yake hajazaliwa, palikuwa na alama ya kiganja. Kidogo. Kidole kimoja kina chapa ya pete, kama ile ya mkewe. Akaweka mkono wake juu yake. Palikuwa na joto.

Manispaa imeshaziba tundu lile, na fundi amesharudishwa kulirekebisha mara kadhaa. Ukuta wote hukauka vizuri.

Pale penye kiganja hapakauki.