Nanga Iliyofungwa Nyuma

Sogeeni, watu wa mtaa huu, mnaonijua na mnaonipita bila salamu. Wekeni simu chini kidogo, hazitakimbia. Kuna nyumba moja ambayo kila nikiikumbuka mate yananijaa mdomoni, na si mate ya njaa. Ni yale yanayotangulia kutapika.

Ilikuwa asubuhi safi, ziwa limetulia kama chai iliyosahaulika mezani. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama majini mpaka mapajani, gauni kalipandisha na kulifunga fundo kiunoni, mikono miwili imeshika mtumbwi usitikisike. Kazi yake ni kupara samaki pale ufukweni mitumbwi inaporudi, na kwa sababu hata akivaa nguo ya kutokea lazima gamba moja libaki kwenye nywele, watu walimwita Mama Magamba. Ndani ya mtumbwi alikaa mume wake, kavaa kofia pana na miwani ya jua, simu kaichomeka kwenye fimbo mbele yake. Huyo alijiita Mtaalamu. Nasema alijiita, maana hakuna aliyempa hilo jina.

"Shika vizuri bwana, unanitikisa!"

"Nimeshika, baba. Ni bata kapita."

"Bata gani? Unaniharibia kipindi!"

Nao walikuwa hatua chache tu kutoka nchi kavu, maji ambayo mtoto anafulia soksi. Lakini kwenye simu, ndugu zangu, yalionekana maji makuu. Maji ya kifuu, bahari ya chungu.

Tena Mtaalamu alikuwa ameshatapika mara moja kabla hata ya kuwasha simu. Mtumbwi na tumbo lake havikuwahi kupatana. Miaka ya nyuma alijaribu kwenda na wavuvi, akarudishwa amelala chali kama gunia, wakamtupa mchangani na kumwambia atafute kazi ya nchi kavu. Basi akapata simu.

Halafu samaki. Jamani, yule samaki! "Huyu nimemtoa sasa hivi, bado anapumua," anasema huku amemnyanyua juu. Uongo mtupu. Samaki mwenyewe mkewe kamnunua wiki iliyopita, akalala kwenye barafu, akatolewa, akarudishwa, akaoshwa kwa limau, akasuguliwa mafuta ya kupikia ili ang'ae. Macho yalikuwa yameshadidimia na kuwa meupe, kwa hiyo Mtaalamu alikuwa akiyaziba na kidole gumba. Nendeni mkaangalie video zake: kidole daima kiko jichoni. Samaki mmoja alitumika kwenye video nne, na mara ya mwisho alipomnyanyua, tumbo lilipasuka likamwagikia mapajani mwake. Alichosema ni, "Hiyo tutakata."

Mkewe ndiye aliyefua ile suruali. Maji matatu, harufu bado. Akafua, akanyamaza. Maana mume akitajwa mitaani kama mtu mashuhuri, na mke anapata kaheshima kidogo, si ndiyo? Akaona ni mchezo tu. Samaki ameoza, nani kafa?

Basi asubuhi ile Mtaalamu alihangaika sana na mtumbwi. Mara akae hivi, mara ageuke, mara anung'unike. Mwisho akasema, "Funga nanga nyuma."

"Nyuma?" mke akauliza. Yeye ni mtoto wa wavuvi, kakua akichezea nanga. "Nanga inafungwa mbele, baba."

"Wewe kazi yako ni magamba. Funga nyuma nikwambie."

Akafunga. Mikono yake mwenyewe. Mtumbwi ukageuka, Mtaalamu akatabasamu, akawasha simu: "Siri ambayo wavuvi wa zamani hawataki uijue! Funga nanga yako nyuma ya mtumbwi. Mtumbwi unatulia, kivuli chako hakiwaangukii samaki. Fanya hivi, utakuja kunishukuru."

Watu wakashukuru. Mioyo na makofi vikamiminika. Mmoja akaandika kwamba hata baba yake mvuvi hakuwahi kumfundisha hilo. Kwa kweli, baba wa watu alikuwa na sababu.

Sasa Mtaalamu alikuwa na mdogo wake, kinyozi, kijana mpole mwenye mkono mwepesi, ukikaa kwenye kiti chake unalala. Alikuwa ameoa karibuni na mkewe ana mimba kubwa. Lakini umeme ulikuwa unakatika kila siku, na mashine bila umeme ni kipande cha plastiki. Wateja walimkimbia, mmoja aliondoka na kichwa nusu. Kinyozi akawaza: si nina kaka mtaalamu wa samaki?

Akaja jioni, wakiwa mezani.

"Kaka, nataka nianze kwenda ziwani siku umeme ukikatika. Nimekopeshwa mtumbwi na jirani. Nianzie wapi?"

Mtaalamu alinyoosha mgongo kama mtu anayepigwa picha. "Umeziangalia video zangu?"

"Zote."

"Basi unauliza nini tena? Nenda pale mto unapoingilia ziwani. Samaki wamejaa. Nanga nyuma, umemaliza."

Mama Magamba alishika kijiko, kikasimama hewani. Pale mto unapoingilia maji yanakwenda mbio, yanasukuma kama watu wanaogombania mlango. Kila mvuvi anajua.

"Shem," akasema, "ungeenda kwanza na wale wazoefu wakuoneshe..."

"Wakuoneshe nini?" mume akadakia. "Wivu? Wale watu hawajui hata kuandika jina, wananikejeli kila siku. Mdogo wangu, ukitaka kula na vipofu, shauri yako."

Kinyozi akacheka kwa adabu, akamtazama shemeji yake. "Ni kweli lakini, shem? Nanga nyuma ni salama?"

Swali hilo, ndugu zangu, lilimwendea yeye. Si mumewe. Angejibu neno moja tu. Lakini akijibu, ni sawa na kusema mume wake mwongo, mbele ya mdogo mtu, kwenye meza ya nyumba yake.

"Muulize kaka yako," akasema, akaanza kukusanya vyombo.

Keshokutwa yake umeme ukakatika asubuhi. Kinyozi akashuka ufukweni na ndoano mpya na kofia pana kama ya kaka yake. Wavuvi walikuwa wameketi wanashona nyavu. Kati yao alikuwepo mmoja anaitwa Gundi, kwa sababu akikaa mahali hatoki. Huyo kalijua ziwa tangu hajaota meno, na roho yake ni ndogo kama tundu la sindano. Hajawahi kumfundisha mtu kitu bila kumtukana kwanza.

Wakamwona kinyozi anafunga kamba ya nanga nyuma ya mtumbwi. Wakagusana viwiko.

"Kinyozi! Leo unakwenda kunyoa kambale?"

"Mwacheni, huyo kafundishwa na simu."

"Basi simu itamwokoa," Gundi akasema, akatema mate, na wote wakacheka mpaka mmoja akajichoma na sindano ya wavu.

Kinyozi naye akacheka. Alifikiri ni utani wa kumkaribisha. Akawapungia mkono, akapiga kasia.

Mama Magamba alikuwa amechelewa kufika kwenye meza yake ya kuparia samaki siku hiyo. Alipofika, akakuta kicheko hakijaisha. "Mnacheka nini?"

"Shemeji yako kaenda mlangoni mwa mto. Nanga kaifunga matakoni!"

Kisu kikamtoka. "Mmemwona? Na mmemwacha?"

"Sasa tufanyeje, Mama Magamba? Sisi si vipofu tusiojua kuandika? Kwenye simu mumeo alituita hivyo."

Akageuka, akakimbilia maji, anaita "Shem! Shem! Mbele! Ifunge mbele!" Sauti ikaishia kwenye matete. Kule mbali kinyozi alikuwa anatupa nanga, ameketi nyuma kabisa, kama kwenye video.

Hapo hapakuhitaji mtabiri. Nanga iliposhika, kamba ikakaza, na mto ukaanza kuusukuma mtumbwi. Mtumbwi hauwezi kwenda, umefungwa kwa nyuma. Nyuma ikavutwa chini, na yeye kaikalia kwa uzito wake wote. Maji yakaingia, kikombe, kisha ndoo. Laiti angekuwa amefunga mbele, pua ya mtumbwi ingeyapasua maji yale na yeye angekaa anapiga mluzi. Kinyozi akashika fundo alifungue. Fundo lililolowa na kuvutwa halifunguki, muulize yeyote. Akajaribu kuivuta kamba ailegeze, akaizungusha mkononi apate nguvu. Mtumbwi ukazama ukaenda na mkono wake.

Wavuvi waliacha kucheka. Lazima niseme na hili: walitoka mbio, Gundi wa kwanza, na hao watu kwenye maji ni kitu kingine. Gundi alizama na kisu kakibana kwa meno, akaikata kamba. Wakamleta kinyozi mchangani amekuwa rangi ya majivu, akatapika maji ya mto yenye tope, na vidole viwili vya mkono wa kulia vimekatwa na kamba mpaka mfupani, vinaning'inia kama vya mtu mwingine.

Mkono wa kulia wa kinyozi, jamani.

Hospitalini wakaviunganisha. Daktari akasema vitabaki, lakini havitakunjika tena. Mke wa kinyozi alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, mikono juu ya tumbo. Mama Magamba amesimama ukutani, magamba yamemkaukia mikononi.

Halafu mlango ukafunguka akaingia Mtaalamu. Na simu mbele, imewashwa.

"Wapenzi wafuasi wangu," anasema kwa sauti ya msiba, "leo niko hospitali. Mdogo wangu wa damu. Tazameni mkono huu. Haya ndiyo yanayowapata wanaoanza uvuvi bila kufuata maelekezo..." Akausogelea ule mkono, akainama apate bandeji na damu vizuri. Akamwomba hata muuguzi asogee, anazuia mwanga.

Nzi naye hukifuata kidonda, lakini nzi hajifanyi analia.

"Zima," Mama Magamba akasema.

"Subiri, nipo hewani."

Akaichukua ile simu mkononi mwake, akaizima, akaiweka kitandani. Hakupiga kelele.

Kinyozi akafungua macho. "Kaka."

"Naam, mdogo wangu. Pole sana. Tutaomba watu wakuchangie, nina wafuasi wengi..."

"Kaka, nilifuata. Kila kitu nilifuata. Nataka kujua tu, ile ya nanga nyuma uliitoa wapi? Nani alikufundisha?"

Mtaalamu akatazama dirisha, akatazama simu iliyozimwa. Sijui ni aibu au ni kukosa simu ya kuiongopea, ukweli ukamponyoka.

"Jua," akasema. "Tukifunga mbele, jua lilikuwa nyuma yangu, sura yangu inakuwa nyeusi kwenye picha. Tulipofunga nyuma, mtumbwi ukageuka. Mwanga ukawa mzuri."

Kinyozi aliutazama mkono wake. Alijaribu kukunja ngumi. Vidole viwili vikakataa.

"Na mimi ndiye niliyefunga," Mama Magamba akamwambia shemeji yake. "Uliniuliza mezani, nikakujibu kama mjinga. Nilijua." Kisha akamgeukia mumewe. "Futa hiyo video."

"Nikiifuta watu watajua nilikosea."

"Ndiyo. Wajue."

"Wewe huelewi. Hiyo ndiyo inayotazamwa kuliko zote."

Mwanamke akamwangalia kama anavyoangalia samaki aliyeletwa mezani kwake ameshaoza: kwanza shavu, kisha jicho, halafu anamsukuma pembeni bila kumpara. Akamshika mkono mke wa kinyozi, wakatoka kutafuta maji ya kunywa. Usiku huo hakurudi kwa mumewe, wala usiku uliofuata. Anakaa kwa kinyozi, anasaidia kulea, maana mtoto amezaliwa na baba yake hawezi hata kumfunga vifungo vya shati. Kiti cha kunyolea kimeuzwa.

Video ipo. Hadi ninapowaambia haya, ipo, na jana kuna mtu kaandika chini yake: asante mtaalamu, kesho naenda kujaribu.

FUNZO

Nimewaambia kwa uchungu, sasa naweka wazi ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Simu si adui. Kuna watu wanaofundisha vizuri humo, nami nimejifunza mengi. Lakini kabla hujatia roho yako kwenye neno la mtu, uliza: huyu amewahi kulowa? Maji hayaangalii wafuasi wako, na mto haujui wewe ni mdogo wa nani. Jambo la hatari lijaribu ukiwa na mtu aliyelifanya, akiwa pembeni yako na si kwenye kioo.

Na nyie mnaojua, msijichekee pembeni. Mnamwona mwenzenu anakwenda kufa, mnagusana viwiko kwa sababu mliudhiwa kwenye simu? Ujuzi unaofungiwa ndani nao huoza na kunuka, tena mbaya kuliko samaki wa Mtaalamu. Gundi angesema maneno matatu tu, tena hata ya matusi, kinyozi angekuwa na vidole vyake.

Na wewe uliyeulizwa mezani, ukajua, ukakusanya vyombo ili kumtunzia mtu heshima: heshima gani hiyo? Sema. Chakula kipoe, mume anune, wageni waondoke. Sema mtu angali nchi kavu.