Sikumlilia Chrispinus

Hapa Busia wanasema Anjeline ana moyo wa jiwe. Wamekuwa wakisema hivyo tangu mwaka wa sitini na sita, na wengine wameingia kaburini bado wanasema. Waseme. Mimi ni muuza dagaa, maneno ya sokoni nimeyazoea kuliko chumvi. Lakini leo nitakueleza kwa nini sikumlilia ndugu yangu wa tumbo moja, halafu utaamua mwenyewe kama ni jiwe au si jiwe.

Siku yenyewe ilianza vizuri tu. Nilivuka mpaka asubuhi na kikapu changu, askari akanisalimia, nikamsalimia, nikapanda lori la kwenda Tororo. Siku zile mpaka haukuwa na makelele. Jua lilikuwa zuri, na nilikuwa nimemwekea Chrispinus fungu la dagaa kavu, maana mke wake Edah alikuwa akiwapenda sana.

Chrispinus alikuwa nyapara. Uhuru ulikuwa bado mpya, na Tororo ilikuwa inajengwa kama mtu anayebadilisha nguo. Mtaa mmoja wa zamani wa nyumba za nyasi ulikuwa unabomolewa ili zipande nyumba za tofali za simenti, bati juu, bomba la maji uani. Mkandarasi alikuwa amemwahidi ndugu yangu: ukisafisha mtaa huu kabla ya mvua, nyumba moja ni yako wewe na mkeo. Edah alikuwa ameshanunua pazia hata dirisha halijajengwa. Nilimcheka mpaka akanuna.

Nilipofika nilikuta kazi imesimama. Nyumba moja tu ya nyasi ilikuwa imebaki, na vibarua walikuwa wamekaa chini wakiitazama. Chrispinus alikuwa akizunguka na hasira zake.

"Nyapara, mwenyewe iko hai," alisema kibarua mmoja, Othieno. "Amekwenda Merikit kwa binti yake. Ngoja arudi, atoe ile mti mwenyewe."

Nikuambie habari ya huo mti, usije ukapotea. Nyumba ya nyasi ya kwetu ina mti mmoja unaotokeza juu kabisa ya paa, kama kidole. Kila kabila la huku lina jina lake. Kidole kikiwa kimesimama, mwenye nyumba yu hai. Akifa, watu wake hupanda wakakivunja. Basi mpita njia haulizi. Anatazama paa, anaona kidole hakipo, anatua mzigo wake, anaanza kulia.

"Mimi nimebatizwa, Othieno," Chrispinus alisema. "Mti ni mti."

"Wewe Chrispinus," nikamwambia, "una haraka ya nini? Mwenyewe si atarudi?"

"Dada, mvua nayo itamngoja?"

Akapanda mwenyewe. Alikitikisa kidole kile kikatoka na nyasi zake, akashuka nacho, akakivunja kwa goti na kukisukuma kwenye moto wa chai ya vibarua. Alikuwa anacheka. Othieno alivua kofia. Na wenzake wakavua.

Chai haijachemka, akapita mwanamke na kuni kichwani. Aliangalia juu. Akatua kuni pale pale barabarani, akashika kichwa kwa mikono miwili, akatoa ukelele. Mwingine akaupokea kule chini karibu na kisima. Halafu mwingine mbele zaidi. Tulisimama tukisikiliza kilio kikienda mbali, mkono kwa mkono, kuelekea Merikit.

Niliporudi tena Tororo, kuta za nyumba mpya zilikuwa zimefika kifuani. Pale pale ilipokuwa nyumba ile ya nyasi nilimkuta mzee amevaa koti la kahawia, amesimama kando ya mchanga.

"Habari za ng'ambo, mama?" akanisalimia.

Nikamwitikia vizuri. Akaniambia yeye ni Phanuel Oguttu, na hapa palikuwa kwake. Chrispinus alipotokea na futi yake, yule mzee alimwendea akasimama mbele yake kama mtu anayeomba kazi.

"Kijana, watu wangu wamenililia," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Wamenyoa nywele. Wamechinja. Nimerudi kwa binti yangu, ananipita mlangoni kama ananipita kinu. Nakaa kwenye chakula, bakuli linanipita. Aliyevunja ndiye husimamisha. Nyumba hii ikiezekwa, nisimamishie mti juu yake. Hata mdogo. Watu wauone tu."

"Juu ya bati?" Chrispinus alisema. "Nitoboe bati jipya la watu? Mkandarasi atanifukuza, na nyumba nitaikosa."

"Nakuomba, mwanangu."

"Mzee, ondoka! Nina kazi!"

Nilisikia aibu, nakwambia kweli. Mtu wa umri wa baba yetu! Nilimkemea, akanigeuzia mgongo. Mzee Oguttu alitutazama mmoja mmoja, akashika njia taratibu, mikono nyuma.

Othieno akanisogelea. Alinong'ona.

"Mama, nyapara alikuwa nagombana na nani?"

Nilitazama barabarani. Mzee alikuwa hajafika mbali. Koti lake nililiona wazi kwenye jua, na vumbi linaruka kila anapoweka mguu. Nilimtazama Othieno usoni, nikaona hatanii. Nikafunga kikapu changu nikaenda kutafuta lori.

Nyumba zikaisha. Chrispinus akapewa ile ya kwake, na ilikuwa ni hiyo hiyo iliyosimama pale kwa mzee Oguttu. Edah akatundika pazia. Mwaka ukapita kwa amani, na mimi nikajiambia mambo yale yalikuwa jua la Tororo tu.

Halafu siku moja niko sokoni napima dagaa, wanawake wa ng'ambo wakaja wakiwa wamejifunga lesho kiunoni. Walinishika mabega. Pole, Anjeline. Pole sana. Ndugu yako hayupo tena.

Wote walinitazama wakingoja nipige ukelele. Na mimi nilivyo mbishi tangu nizaliwe, nilisema: "Mimi silii kwa habari za sokoni. Nitalia nikimwona." Nikamwachia jirani meza yangu nikaondoka. Ubishi huo, na si kingine, ndio ulioamua kila kitu.

Nilifika kwa Edah mchana. Alikuwa amekaa mkekani, kichwa kimenyolewa, macho yamevimba. Alinishika miguu akalia.

"Mbona umechelewa, wifi? Tumeshamzika Buhehe, kwa baba."

"Alikufa na nini?"

"Sijui. Asubuhi nilisikia watu wanalia barabarani, wanaangalia nyumba yetu. Nikatoka. Juu ya bati kulikuwa na mti, wifi. Kisiki cha mti. Umevunjwa, bado mbichi. Niliporudi ndani Chrispinus hakuwa kitandani. Hakuwa popote."

"Sasa mlizika nini?"

"Mgomba," alisema. "Tulizika mgomba."

Hiyo si ajabu kwetu. Mtu ambaye mwili wake haukupatikana huzikiwa mgomba. Nilitaka kumwuliza kama walimtafuta vizuri. Ndipo nikainua macho.

Chrispinus alikuwa amekaa kwenye kiti, pembeni mwa dirisha.

Alikuwa na fulana na suruali ya kazi. Midomo imekauka. Ananitazama. Edah aliinuka, akachukua kitambaa chake kilicholowa machozi, akakitandaza kwenye kiti kikauke. Alikitandaza kwenye bega la ndugu yangu. Akarudi mkekani.

"Dada," Chrispinus alinong'ona. "Unaniona?"

Nilimgeukia Edah, nikaona yeye hajasikia.

"Anjeline. Niambie kama unaniona."

"Nakuona," nikasema.

"Unaona nini, wifi?" Edah aliuliza.

Chrispinus alianza kutetemeka kama mtoto aliyetolewa mtoni. Alisema amemwita Edah mpaka sauti ikaisha. Alisema alitembea nyuma ya jeneza lake mwenyewe mpaka Buhehe, akimshika huyu, akimshika yule. Hakuna aliyegeuka. Hata mbwa.

Sikulala. Asubuhi nilikwenda Merikit kumtafuta mzee Oguttu. Kama kuna mtu wa kuombwa msamaha, ni yeye. Binti yake alinipa kigoda, akaniambia kwa upole kwamba baba alishafariki, matanga yameisha zamani. Nikashukuru. Nikazunguka nyuma ya jiko.

Alikuwa amekaa juu ya kuni. Koti lile lile.

Nilipiga magoti. "Mzee, ndugu yangu alikukosea. Mwambie la kufanya. Atausimamisha mti wako leo."

"Angeweza zamani," alisema. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha. "Mkono wake sasa ni kama wangu. Ukisimamisha kitu, nani atakiona?"

"Ni wewe uliyeweka ule mti juu ya bati?"

Yeye akaniuliza:

"Umeshamlilia?"

"Bado."

"Usimlilie. Anayelia amekubali. Binti yangu alinililia siku ya kwanza, kwa moyo wote, maana alinipenda. Mimi sikubakiwa na mtu hata mmoja."

Binti aliniita kutoka nyumbani, chai iko tayari. Niligeuka kuitika. Nilipotazama tena, kulikuwa na kuni tu.

Siku ya kumaliza matanga ilikuwa Buhehe. Ukoo wote ulikuja. Ikabaki zamu yangu, mimi dada mkubwa, kwenda kwenye kaburi, kulia, na kunyolewa. Walinipeleka mbele. Wembe ulikuwa tayari kwenye sahani.

Nilisimama. Macho makavu.

"Lia, Anjeline," shangazi yetu alisema.

"Hapana."

Watu wakaanza kunung'unika. Na mimi, Mungu wangu, nilitaka kulia! Si kwa sababu amekufa. Kwa sababu alikuwa amesimama hapo, ng'ambo ya kaburi, nyuma ya Edah, na alikuwa amekonda. Alikuwa ananitazama tu. Nilikumbuka nilivyombeba mgongoni akiwa na surua. Chozi likafika.

Chrispinus akatikisa kichwa. Pole pole. Usilie.

Nilijiuma ulimi hadi damu.

Edah alinipiga kofi. "Hukumpenda!" alipiga kelele. "Hata kidogo hukumpenda!" Wanaume wakamshika. Ningefungua mdomo, kilio kingetoka. Nilijitoa katikati ya watu, nikashika njia ya kurudi Busia, na nyuma yangu nilisikia hatua za miguu mitupu. Kwenye lori kondakta alinitoza nauli moja. Mama mmoja mnene akataka kukaa kando yangu, nikamwambia pana mtu. Akasonya. Akakaa.

Ndivyo nilivyopata jina la moyo wa jiwe. Ukoo ulinisusa. Edah aliolewa Osukuru akapata watoto, na hatukusalimiana tena. Ile nyumba ya Tororo wameishi watu wengi, sijasikia wakilalamika. Mume wangu alipokufa nilimlilia wiki nzima mpaka sauti ikapotea. Watu wakashangaa: kumbe anajua kulia!

Chrispinus hukaa kwangu, chumba cha nyuma. Anakula kidogo. Anazeeka kama mimi ninavyozeeka. Kila jioni huuliza swali lile lile, hata kabla sijavua viatu vya soko. Dada, unaniona? Na mimi hujibu nakuona, Chrispinus, kaa ule. Nimejibu hivyo nikiwa na homa, nimejibu nikiwa na hasira naye. Wakati mwingine nimechoka nikasema naona ulivyo mvivu, na yeye akacheka. Maana nikinyamaza siku moja tu, atakwenda alikokwenda mzee Oguttu, na mimi sijui ni wapi.

Sasa daktari wa macho ameniambia yameshaharibika yote mawili. Lilianza jicho la kushoto, ukungu. Mwaka huu limefuata la kulia. Mwanga nauona, mlango nauona. Sura ya mtu siioni tena, hata ya mjukuu wangu nikimpakata.

Juzi jioni aliniuliza. Sauti ilitoka pale kitini.

"Dada, unaniona?"

Niligeuza uso kwenye sauti. Hapakuwa na kitu. Ukungu tu.

Akauliza tena, taratibu. "Anjeline?"

"Nakuona," nikasema. "Na ndevu zako zimekuwa chafu. Njoo hapa nikunyoe."

Nilinyoosha mkono mbele yangu, nikangoja. Nilingoja sana, jamani. Halafu kidevu kikaja kwenye kiganja changu, kimelowa. Nilimnyoa kwa kupapasa, polepole nisimkate.

Asubuhi mke wa mwanangu, Peace, alikuja kunifagilia kama kawaida yake. Nilisikia ufagio ukiparuza sakafu, kisha ukasimama.

"Mama," aliniita, "hizi ndevu nyeupe ni za nani?"

Nilimwambia afagie tu.