Mwendo wa Kusimulia

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, Maswali huuliza mambo matatu. Kumekuchaje? Nani amepita nje? Na huyo aliyepita amevaa nini? Dada yake humjibu huku akipiga pasi.

Maswali hajawahi kuona tangu azaliwe. Anapokea simu hospitalini, na wafanyakazi wote anawajua kwa sauti. Jina hilo walimpa huko, na mwenyewe hana kinyongo nalo. Dada yake ni fundi cherehani. Anashona sare za shule kwenye karakana yenye mashine sita, na mdomo wake unakwenda sambamba na mashine. Anasimulia kila kitu anachokiona. Kwa mdogo wake, hiyo ni riziki.

Wawili hawa hukimbia pamoja. Dada hushika ncha moja ya kamba fupi, na Maswali hushika ncha nyingine. Kamba yenyewe dada aliishona kwa mabaki ya kitambaa cha sare, rangi ya bluu.

Lakini sasa kamba ilikuwa imetundikwa msumarini, wiki ya tatu. Haikuguswa tangu siku ya marathoni, mbio za kilomita arobaini na mbili na ushee. Walikwenda vizuri mpaka kilomita ya thelathini. Hapo, mbele ya duka la rangi, miguu ya dada ilikataa. Alikaa ukingoni mwa barabara akalia. Maswali alikaa naye, akinusa harufu ya rangi, mpaka gari la huduma likaja kuwachukua.

"Mwakani tafuta macho mengine," dada alimwambia. "Mimi nakurudisha nyuma."

"Sitaki macho mengine. Nataka kujua kwa nini."

"Kwa nini nini?"

"Kilomita ya ishirini na tano ulikuwa mzima. Ya thelathini umekufa. Katikati hapo palitokea nini?"

Dada aliona aibu, na aibu ilimuuma kuliko magoti. Mdogo wake alikuwa na hamu moja tu, kuvuka ule mstari wa mwisho. Yeye ndiye aliyemnyima. Alipenda sana kukimbia naye, lakini aliona heri aikabidhi kamba kwa mtu mwenye miguu.

Maswali naye hakukaa kimya. Alimuuliza kila aliyepiga simu hospitalini. Siku ya nne akaambiwa, "Muulize muuguzi wa wodi ya watoto. Yule amekimbia marathoni mara tisa." Jumamosi muuguzi akaja nyumbani kwao, akaketi jikoni, akaanza kuuliza yeye.

"Mlianzaje?"

"Kwa kasi," dada alisema. "Watu walikuwa wengi, niliogopa watamkanyaga. Nikataka tuchomoke haraka."

"Asubuhi mlikula nini?"

"Chai kavu. Sikutaka tumbo zito."

"Na njiani? Pale kwenye meza za maji?"

Dada akatazama sakafu. "Hatukusimama. Watu wanasukumana pale, na sisi tumeshikana kamba. Tungemwangusha mtu. Nikaona tupite tu."

"Hata meza moja?"

"Hata moja."

Muuguzi hakucheka. "Kila ulichofanya, ulikifanya kwa kumhurumia huyu. Na kila kimoja kilikumaliza wewe."

"Kilimmalizaje?" Maswali akadakia. Alikuwa amesogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa meza.

"Mwili una akiba mbili," muuguzi alieleza. "Ya kwanza ni mafuta. Hayo ni mengi, hata kwa mtu mwembamba. Ya pili ni sukari iliyowekwa kwenye misuli na kwenye ini. Hiyo inatokana na mkate, wali, viazi, ndizi, vyakula vya wanga. Ni akiba ndogo. Ukikimbia kwa kasi unaila haraka. Usipoiongeza njiani, baada ya saa mbili au tatu inakaribia kuisha. Mafuta bado unayo, lakini peke yake hayawezi kukusukuma kwa kasi ile."

Dada aliinua uso. "Kumbe ni bobini."

"Bobini gani?"

"Cherehani ina nyuzi mbili. Wa juu unauona, umejaa kwenye kibiringo. Wa chini uko ndani ya bobini, mchache, umefichika. Ukiisha, sindano inaendelea kupanda na kushuka, lakini hakuna kinachoshonwa. Mimi nafoka nikiona fundi anashona hewa. Kumbe siku ile nilishona hewa mwenyewe."

"Mfano huo nauchukua," muuguzi alisema. "Wagonjwa wangu watauelewa."

"Bobini inajazwaje mtu akiwa anakimbia?" Maswali aliuliza.

"Kidogo kidogo, na mapema. Msingoje miguu ilalamike. Saa tatu hivi kabla ya kuanza, kuleni mkate na ndizi. Njiani, kila nusu saa, kipande cha ndizi au kiazi cha kuchemsha chenye chumvi, na mafunda machache ya kinywaji chenye sukari. Maji kunyweni kwa kiu yenu. Msijaze tumbo, maana maji kupita kiasi nayo ni hatari. Na siku ya mbio msile kitu ambacho hamjawahi kukijaribu mazoezini."

"Na kasi? Nitaijuaje iliyo sawa?" dada aliuliza.

"Huwa mnaongea mkikimbia?"

"Siku ile hakusema neno," Maswali alisema. "Kilomita kumi nzima. Nikadhani kaninunia."

"Nilikuwa nahema."

Muuguzi akapiga meza kidogo kwa kiganja. "Basi kipimo mnacho. Mwendo wenu ni ule ambao dada anaweza kusimulia anachokiona, sentensi nzima nzima. Akianza kukatakata maneno, punguzeni. Mwanzoni mtaona mnachelewa. Vumilieni."

Dada akaenda msumarini, akaishusha kamba.

"Mara moja tu," alisema. "Nikishindwa tena, unatafuta mtu mwingine, na hatubishani."

Walipima afya kwanza. Kwa miezi kadhaa walikimbia kidogo tu, kisha wakaanza mazoezi kamili, miezi minne na nusu kabla ya mbio za mwaka uliofuata. Siku tatu za wiki walikimbia mbio fupi, na Jumapili mbio ndefu. Ile ndefu ilianza na kilomita kumi na mbili, ikapanda taratibu mpaka thelathini. Kila wiki ya nne waliipunguza ili mwili upumue. Siku zilizobaki walipumzika, jambo ambalo dada aliliona ni uvivu mpaka magoti yake yalipoacha kuuma.

Ule mwendo ulimtia haya. "Ametupita mama mwenye kapu kichwani," alimsimulia mdogo wake. "Sasa ametupita mama yuleyule. Nadhani alisahau kitu, akarudi."

"Kapu lina nini?"

"Vitunguu."

Waligundua kwamba mkate wenye jemu unamvuruga Maswali tumbo, lakini viazi vinakaa vizuri. Kuhusu meza ya maji, mama yao alitoa wazo. Alitoa meza ya jikoni nje, akapanga vikombe, akasimama pembeni yake na viwiko nje. "Mimi ndiye watu," alisema, na kweli aliwasukuma. Walimwaga vikombe vingi. Mwishowe walipata njia yao. Dada anatangaza, "Meza, kulia, hatua ishirini." Wanatoka pembeni mapema. Maswali anaweka mkono begani mwake, wanatembea, wanakunywa, wanaondoka. Mama aliporusha kiwiko cha mwisho, walikuwa wameshaondoka.

Wiki tatu za mwisho muuguzi aliwapunguzia mazoezi karibu nusu. Dada alibisha.

"Kazi mmeshaifanya," muuguzi alimjibu. "Mkizidisha sasa mtaongeza uchovu tu."

Siku ikafika. Baragumu lilipolia, umati uliwapita pande zote mbili. Miguu ya dada ilimwasha kutaka kuwafuata.

"Unaona nini?" Maswali aliuliza.

Dada akavuta pumzi. "Naona migongo. Migongo mitupu. Mmoja kaandikwa namba saba na shati kalivaa nyuma mbele." Akaendelea hivyo. Alimsimulia mabango, viatu, paka aliyelala juu ya paa la gari, mtu aliyevaa kama ndizi. Kila nusu saa walikula kipande chao. Kila meza walisimama.

Baada ya muda mrefu Maswali akauliza, "Lile duka la rangi bado?"

Dada aliangalia kibao kilichokuwa mbele yao. Kilikuwa kimeandikwa thelathini na tatu.

"Tumelipita. Nilikuwa nakueleza habari za yule mtu ndizi."

Kilomita ya arobaini na moja ilikuwa ngumu. Mapaja ya wote wawili yaliwaka moto, na maneno ya dada yakaanza kukatika. "Kuna... mti. Kuna..."

"Tupunguze," Maswali alisema. "Na zamu hii nasimulia mimi. Kushoto kuna mtoto anapiga sufuria. Nyuma yetu kuna mtu anaburuza mguu wa kulia. Mbele, mbali kidogo, kuna spika mbovu na mtu anayetaja majina. Kuna mtu anayeitwa kila mara, anaitwa Maliza."

Dada alicheka kwa pumzi aliyokuwa nayo. Alisikiliza, akahesabu hatua, akafuata sauti ya mdogo wake mpaka ile spika ikawa juu ya vichwa vyao.

"Mstari huu hapa," alisema. "Hatua tatu. Mbili. Umeuvuka."

Maswali alisimama. Akarudi hatua moja, akainama, akapapasa lami kwa vidole.

"Ukoje?"

"Ni rangi nyeupe tu. Imechakaa. Kuna chapa ya kiatu katikati." Dada alikuwa analia waziwazi, wala hakujificha. "Mama yetu huyo anakuja mbio, kashika ndizi mbili. Muuguzi yuko nyuma yake."

Maswali aliinuka, bado ameshika ncha yake ya kamba ya bluu.

"Haya niambie. Mwakani nitafute macho mengine?"

Dada akaizungusha kamba mara mbili kwenye kiganja chake, akaikaza.

"Jaribu uone."