Wimbo wa Saba wa Koko Eulalie

Kila asubuhi ya likizo, Charlène alianza kazi kwa kufuta vumbi. Alifuta meza, akafuta spika mbili kubwa, kisha akafuta mashine ya kunakilia CD, ile yenye milango saba iliyopangwa mmoja juu ya mwingine. Baba yake, Papa Patrice, alikuwa na studio ndogo nyuma ya nyumba yao huko Muhumba, mjini Bukavu, na humo ndani vumbi lilikuwa adui wa kwanza. Adui wa pili alikuwa vidole vya watoto. "CD inashikwa pembeni tu," Papa Patrice alipenda kusema, "kama sahani ya moto." Charlène aliambiwa hivyo tangu akiwa na miaka minne. Sasa alikuwa na kumi na miwili, na bado aliambiwa.

Usishangae kwamba kuna watu wanaotengeneza CD siku hizi, wakati kila mtu ana nyimbo kwenye simu yake. Wazee wengi wa parokia yao walikuwa na redio za CD na hawakutaka kusikia habari za kitu kingine. Tena Papa Patrice alikuwa na sababu yake, na hakuchoka kuieleza hata kwa asiyeuliza. Wimbo ukitumwa kwa simu hubanwa ili uwe mdogo, na katika kubanwa huko vipande vya sauti hutupwa njiani. Kwenye CD hubaki vyote, hata pumzi anayovuta mwimbaji kabla ya kuanza.

Likizo ile ya Pasaka ilikuja na kazi iliyozipita nyingine zote. Katika parokia yao aliishi mama mzee aliyeitwa Eulalie, na watoto wote walimwita Koko, yaani bibi. Kwa miaka arobaini Koko Eulalie aliongoza nyimbo katika kwaya. Alibembeleza watoto wa watu, alizika wafu wa watu, na alifundisha kuimba kila aliyetaka. Mama yake Charlène, Maman Bibiane, alipougua miezi mitatu kitandani, ni Koko aliyekuja kila siku na uji. Basi mwaka ule koo la Koko likaanza kuuma. Madaktari wakasema upasuaji utaokoa maisha yake, lakini sauti ya kuimba haitarudi tena.

Kabla ya kwenda hospitalini, Koko alikaa siku tatu katika studio ya Papa Patrice. Aliimba nyimbo kumi na nne, na kwaya ikamwitikia. Sasa alikuwa amerudi nyumbani, mzima, ila alizungumza kwa kunong'ona. Wanakwaya wakakubaliana kumshukuru. Zingetengenezwa CD mia mbili, na ile ya kwanza ingetiwa mikononi mwake siku ya Alhamisi, mbele ya watu wote, katika ukumbi wa parokia.

Papa Patrice aliifanya kazi ile kwa moyo wake wote. Alipitisha nyimbo moja moja kwenye mashine yake ya zamani ya kusawazisha sauti, na kompyuta ikazirekodi upya. Aliangalia kwamba wimbo wa pole haumezwi na wimbo wa ngoma unaoufuata. Mwenyekiti wa kwaya, Papa Didier, aliomba sauti ipandishwe sana, iwe na nguvu kama muziki wa baa. Papa Patrice alikataa.

"Sauti ya Koko ukiisukuma juu sana, inapasuka," alisema. "Mutu akitaka kelele, redio yake iko na kitufe."

Nyimbo zilipokuwa tayari, alitengeneza CD mama. Hiyo ndiyo CD ya kwanza, ambayo nyingine zote hunakiliwa kutoka kwake. Kosa likiwa ndani yake, litakuwa katika zote. Kwa hiyo studio ile ilikuwa na desturi moja isiyovunjwa. Mtu ambaye hakushiriki kutengeneza nyimbo alikaa na kusikiliza CD mama yote, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kusimamisha na bila kushika simu. Kila wimbo ukiisha, aliandika kwenye karatasi kama uko sawa. Akisikia kitu kibaya, aliandika dakika na sekunde. Kisha jina lake lilichapwa kwenye bahasha ya kila CD: "Aliyesikiliza hadi mwisho," na jina.

Ijumaa, siku sita kabla ya sherehe hiyo, Papa Patrice alimkabidhi binti yake vipokea sauti vya masikioni.

"Kwa nini usisikilize wewe, Papa?" Charlène aliuliza.

"Masikio yangu yamechoka. Nyimbo hizi nimezisikia mara nyingi sana, sasa nasikia kile ninachotaka kusikia. Wewe ndiyo utasikia kile chenye kuwa pale." Akachukua koti lake, akaenda mjini kwa mchapaji wa bahasha.

Dakika sitini na mbili si nyingi, lakini jaribu kuzikalia wakati wenzako wanacheza. Charlène alisikiliza wimbo wa kwanza wote, na wa pili wote. Katikati ya wa tatu, rafiki yake Micheline akachungulia dirishani. Wasichana wa mtaa walikuwa wakifanya mazoezi ya ngoma ya sikukuu.

"Charlène, unatoka saa ngapi? Wenzetu wameanza."

Charlène akatazama karatasi. Zilibaki nyimbo kumi na moja. Akafanya kama afanyavyo kwenye simu: akausikia mwanzo wa kila wimbo, akaruka kwenda unaofuata. Mwanzo wa wa nne, safi. Wa tano, safi. Kwa dakika sita alikuwa amefika wa kumi na nne. Akaandika "sawa" mara kumi na nne, akatia sahihi chini, akatoka mbio. Papa Patrice alirudi, akaisoma karatasi, akatabasamu, akalipeleka jina la binti yake kwa mchapaji. Jumamosi yote baba na binti walinakili CD kwa mwendo wa polepole, saba saba, mpaka zikatimia mia mbili na kuingia katika bahasha zake.

Jumapili baada ya Misa, Maman Bibiane aliweka CD moja kwenye redio ya jikoni na kuanza kumenya ndizi. Wimbo wa saba ulipoanza, alikuwa ametoka kuchukua makaa. Charlène alibaki peke yake. Koko alikuwa akiimba taratibu, kisha ikafika pale ambapo kwaya hunyamaza na yeye kupanda juu peke yake. Alipanda, akapanda, halafu sauti ikatoweka. Kimya. Ikarudi na mkwaruzo mbaya, katikati ya neno.

Charlène alirudisha nyuma, akasikiliza tena. Akaenda kuchukua CD ya pili, kisha ya tatu. Zote zilikatika palepale. Na juu ya bahasha zote tatu liliandikwa jina lake, kwa herufi nzuri, kwamba amesikiliza hadi mwisho.

Mama aliporudi, wimbo wa nane ulikuwa ukicheza. "Koko wetu anaimba vizuri," alisema, macho yakiwa na machozi. "Alininywesha uji kwa kijiko, huyu mama. Aksanti kwa kazi yenu."

Charlène alijiambia kwamba ni kidogo, muda wa kufumba na kufumbua jicho tu, na redio za wazee zenyewe zinakwaruza. Nani atajua? Lakini alijua kwamba Koko atajua. Na Koko hangeweza kuimba pale tena, hata kwa siku moja.

Jumatatu asubuhi alifuta vumbi kimya kimya. Papa Patrice alikaa mbele ya kompyuta akipiga mluzi.

"Leo vijana wa Ibanda wanaanza kurekodi nyimbo zao," alisema. "Machine imejaa, haina nafasi. Wacha nifute rekodi za kwaya. Umesikiliza, umesaini, kazi imekwisha."

Charlène alisimama na kitambaa mkononi. Rekodi zile ndizo zilizokuwa na sauti ya Koko kama ilivyotoka kinywani mwake. Zikifutwa, zingebaki CD mia mbili tu, zote zikiwa na kovu lilelile. Kwenye kioo cha kompyuta, mshale ulikuwa tayari juu ya neno la kufuta.

"Papa, usifute," alisema.

Papa Patrice aligeuka.

"Wimbo wa saba uko na shimo. Sauti ya Koko inakatika. Mimi sikusikiliza, Papa. Nilisikiliza mbili na nusu, nyingine niliruka. Niliandika uongo."

Papa Patrice aliondoa mkono wake juu ya meza, akaupeleka mbali na kompyuta. Uso wake ulikuwa na hasira, na zaidi ya hasira ulikuwa na huzuni, na hiyo ndiyo iliyomuumiza Charlène.

"Dakika ngapi?" aliuliza hatimaye.

"Trente et un, douze," Charlène akajibu kwa Kifaransa, kama walivyozoea kusoma saa ya mashine: dakika thelathini na moja, sekunde kumi na mbili. Alikuwa ameiandika kwenye kiganja tangu jana.

Wakasikiliza pamoja mara tatu. Kisha Papa Patrice akashika kichwa. "Alhamisi iliyopita, saa kumi," alisema polepole. "Courant ya umeme ilikatika, betri zikashika kazi. Wimbo huu ulikuwa unapita kwenye mashine wakati ule. Niliona taa zimerudi, nikaendelea." Akamtazama binti yake. "Kosa la kwanza ni langu, Charlène. Mimi pia nakosea, ndiyo maana naweka mutu wa kusikiliza. Usiposikiliza, kosa langu halina wa kulizuia."

Charlène akalia. Baba yake alimwacha alie, kisha akampa kitambaa, kile kile cha vumbi, na wote wawili wakajikuta wanacheka kidogo.

Kazi ikaanza upya. Papa Patrice aliwapigia vijana wa Ibanda, akawaeleza ukweli, akawaomba wasubiri hadi Ijumaa na wamwazime diski tupu walizokwisha kumletea. Wakakubali. Mchana Papa Didier alipofika kuchukua makatoni ya CD, ni Charlène mwenyewe aliyetakiwa kumweleza. Alimweleza akiwa amesimama wima, mikono nyuma. Papa Didier alijulikana kwa ukali, lakini alijipangusa paji la uso, akakaa kwenye kiti.

"Ningemupatia Koko sauti iliyovunjika mbele ya watu wote," alisema. "Aksanti kwa kusema. Kesho nitatuma wanakwaya wanne wasaidie kuweka CD kwenye bahasha."

Papa Patrice akaupitisha tena wimbo wa saba kwenye mashine, safari hii bila kuondoa macho kwenye taa, na kutengeneza CD mama nyingine. Charlène akavaa vipokea sauti. Micheline alichungulia dirishani kama kawaida yake, Charlène akamwonyesha vidole: subiri. Akasikiliza dakika zote sitini na mbili. Katika wimbo wa saba Koko alipanda juu peke yake, akafika kileleni, akashuka bila kukwaruzwa na kitu. Charlène hakuwa ameujua uzuri wa wimbo ule, kwa sababu hakuwahi kuusikia ukiwa mzima. Katika wimbo wa kumi na moja aliandika dakika na sekunde.

"Kuna mutu anakohoa," alimwambia baba yake.

Papa Patrice akasikiliza. "Huyo ni Papa Didier. Muache, ni kikohozi chake."

Umeme ulikatika mara mbili Jumanne, na kila mara waliisimamisha mashine na kungoja. Lakini hadi Jumatano jioni CD mia mbili mpya zilikuwa ndani ya bahasha. Zile mbovu zilichukuliwa na mwanakwaya mmoja mwenye ndugu huko Luberizi. Alisema wakulima wa mpunga watazifunga kwa kamba mashambani, zing'ae juani na kuwatisha ndege. Charlène alizibeba mwenyewe hadi barabarani, na zilikuwa nzito.

Alhamisi ukumbi wa parokia ulijaa. Koko Eulalie aliketi mbele, shingo ikiwa imefungwa kitambaa cheupe. Alipewa CD ya kwanza kwa mikono miwili. Watu walidhani atainuka na kuonyesha ishara ya shukrani, kisha chakula kitolewe. Badala yake Koko alielekeza kidole kwenye redio. Alitaka kusikia.

Basi wakamwekea. Wimbo wa saba ulipofika pale pa juu, watu waliona midomo ya Koko ikitembea. Haikutoa sauti yoyote. Sauti yenyewe ilikuwa ukumbini, nzima, imewafikia hadi waliosimama mlangoni, na wanawake wengi wakajifuta macho kwa pembe za vitenge. Charlène naye alilia, lakini hakuona aibu.

Wimbo ulipokwisha, alikwenda kupiga magoti karibu na kiti cha Koko. Alimwambia yote: dirisha, Micheline, karatasi, shimo. Hakuficha kitu. Koko alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamvuta karibu, kwa kuwa sauti yake ya kunong'ona haikufika mbali.

"Mutoto wangu, kila mutu anakosea kazi," alisema. "Mimi nimekosea nyimbo mbele ya askofu. Lakini usiandike jina lako juu ya kazi ambayo hukufanya. Na ukikosea, sema leo, wakati kitu kingali kinaweza kuokolewa. Ungenyamaza siku moja zaidi, sauti yangu ingekuwa imekwenda mara mbili." Akapumzika kidogo, akakusanya pumzi. "Wewe umenirudishia. Aksanti."

Charlène akamshukuru naye, kwa uji wa mama yake na kwa nyimbo zote. Kisha Koko akaweka kidole mdomoni, akamwonyesha nafasi pembeni yake, na wakaketi pamoja kusikiliza wimbo wa nane.