Maji ya Wageni wa Likoni

Feri ya asubuhi haijagusa gati na watu wamekwisha songamana, mabaskeli, mbuzi na magunia ya nazi. Barke alikuwa amejitwika sinia lake la mahamri, buibui kalifunga kiunoni, leso nyekundu yachungulia. Kijana mmoja aliyebeba miti ya kupimia ardhi akageuka bila kutazama. Sinia likaenda chini.

"We kaka, macho umeyaweka rehani?" Barke akamwakia.

"Samahani, bibiye." Kijana akaokota hamri moja, akalipuliza mchanga, akalila. "Wallahi, hata na mchanga ni tamu."

"Basi yamalize yote, ushibe mchanga!"

Akala matatu mbele ya watu. Barke hakutaka kucheka, akacheka.

Ghalib ndilo jina lake, mtu wa Changamwe, mkalimani wa wazungu wa kampuni ya sabuni. Vita vimekwisha juzi tu, na wazungu hao walikuwa wakizunguka kutafuta pa kuweka kiwanda. Barke alikuwa mtalaka, na Likoni nzima ilishakata shauri kwamba hapati mume mwingine. Midomo hiyo! Basi posa ya Ghalib ilipokubaliwa na arusi ikawekwa mwezi wa mfungo tatu, mamake Barke, Bi Mwanasaumu, alitembea kifua mbele.

Wazungu wakaja Likoni, Ghalib akiwafasiria. Watu walikitaka kiwanda, maana vijana wao walikuwa wakivuka kila siku kuhangaikia vibarua gatini. Wageni wakaketi barazani kwa Bi Mwanasaumu kwa kuwa kisima cha mtaa kiko nyuma ya nyumba yake, na maji waliyauliza kabla ya salamu. Bi Mwanasaumu akawatolea maji ya mvua, aliyoyakinga tangu masika katika mtungi uliofukizwa ubani. Kisima kile kina chumvi, na Likoni mgeni hapewi maji ya chumvi. Ni adabu, haikuwa hila. Mkubwa wao akanywa, akaomba tena, akakionyesha kisima kwa kidole, akasema maneno marefu kwa furaha. Wanawake wakapiga vigelegele bila kungoja kufasiriwa.

Ghalib akajibu kwa Kiingereza, kisha akasema kwa Kiswahili, wote wakisikia: "Nimewaambia haya si ya kisima. Kisima ni chumvi tupu."

Wazungu wakamwaga yaliyobaki, wakaenda zao. Bi Mwanasaumu akabaki na kata mkononi. "Mkwe wangu amenifanya mwongo barazani kwangu," akasema.

Jioni ile Ghalib akabisha hodi. "Barke wangu, nisikilize..."

"Wako nani? Umemvua nguo mamangu ili kiwanda kiende kwenu Changamwe!" Akamtupia leso za posa, akafunga mlango. Ghalib naye ana kiburi, akaondoka asirudi.

Kiwanda kikajengwa Changamwe kweli, kando ya reli. Mwaka ukapita, hasira ya Barke haikupungua hata chembe. Siku moja akavuka kwenda kumwambia yaliyombakia moyoni. Akamkuta Ghalib yuko juu ya kibanda akiezeka makuti, khaki za ukalimani hana tena, kavaa shuka tu. Chini ameketi bibi mmoja juu ya vyombo vyake, Tima, shangazi yake Ghalib.

"Ndiyo faida ya kiwanda chenu hiyo?" Barke akauliza.

"Nyumba ya shangazi ilikuwa pale penye moshi wa kiwanda." Ghalib akashuka. "Wajua mzungu alisemaje alipokunywa yale maji? Alisema, 'Minazi ipo, maji yapo. Tuwahamishe hawa, tuanze na nyumba ya mama huyu.' Nikaona nikiwaharibia maji wataondoka. Kumbe wanakuja kwetu! Huku kuna reli, kuna maji ya mfereji, kuna na watu waliopanga vyumba, hawana shamba, watakubali ujira wowote. Ndivyo wanavyochagua, Barke. Wanapenda pale mtu asipoweza kuwakataa."

"Nawe ukanyamaza?"

"Si ulinifungia mlango!"

"Kabla ya mlango! Pale barazani! Ulitufasiria maji, ukatuficha nyumba. Wao wamekata shauri juu yetu, nawe umekata shauri juu yetu. Mna tofauti gani?"

"Nilichelea fujo, vijana watiwe ndani."

"Mamangu hana mdomo wa kukataa mwenyewe?"

Barke akamshika mkono, akamvusha hadi Likoni, akamsimamisha mbele ya baraza ileile, majirani wakikusanyika.

"Shikamoo, mama." Bi Mwanasaumu hakuitika. Ghalib akayasema yote, neno kwa neno.

"Nyumba aliyonijengea marehemu!" Bi Mwanasaumu akafoka. "Na sisi tukawapigia vigelegele! Kijana, umeniokoa na umenidharau kwa siku moja. La kwanza, ahsante. La pili sijakusamehe."

"Namtaka, mama," Barke akasema. "Nina hasira naye, na namtaka."

Bi Mwanasaumu akamjibu bintiye: "Basi alete wazee wake upya."

"Na shangazi Tima aje akae nasi," Barke akamgeukia Ghalib. "Na wale wakirudi kuja kupima Likoni?"

"Nitasimama nanyi, nitafasiri kila neno."

"Kwa sauti, Ghalib. Mpaka wa nyuma wasikie."